Barua ya Madai Ina Wasomaji Wawili

Sehemu kubwa ya biashara ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, mahali mitumbwi inaposhusha samaki hapa Mwanza, huendeshwa kwa mali kauli. Mnunuzi anafika kutoka mikoani, anachagua mzigo, anaacha malipo ya mwanzo, na magunia yanapakiwa kwenye lori huku salio likibaki katika maneno ya watu wawili na, kwa wenye bahati, katika ukurasa wa daftari. Sina nia ya kuulaumu utaratibu huu, kwa sababu pasipo kuaminiana mwanamke mwenye mtaji mdogo asingeweza kuuza magunia 40 kwa asubuhi moja. Ninachotaka kukizungumzia ni kile kinachofuata pale mwenzako anapoacha kupokea simu zako, na wewe unaamua kukaa chini na kuandika barua ya madai.

Nafanya kazi ya msaidizi wa kisheria katika Wilaya ya Ilemela, na watu huniletea barua hizi kila mara: zile wanazokusudia kuzipeleka, na zile walizozipokea zikawanyima usingizi. Kwa kuzisoma nimefikia msimamo ambao sitauacha kwa urahisi, kwamba barua ya madai ina wasomaji wawili. Wa kwanza ni mdaiwa. Wa pili ni hakimu, ambaye huenda asiione kamwe, lakini akiiona ataisoma akiwa hamjui yeyote kati yenu na hana sababu ya kumwamini mmoja kuliko mwingine. Anayeandika akimfikiria mdaiwa peke yake huandika ili kumuumiza, na barua yake hujaa uchungu ambao mdaiwa alikwisha kuuzoea katika simu. Anayeandika akimfikiria pia hakimu hulazimika kutaja tarehe, kiasi, ushahidi na siku ya mwisho ya kulipa. Na barua ya namna hiyo ndiyo inayomsukuma hata mdaiwa mwenyewe, kwa sababu akiisoma anaiona kesi ilivyo kabla haijafunguliwa, na akimwonyesha ndugu yake mwenye busara au wakili wake, huyo naye ataiona vilevile.

Nieleze kwa mfano mmoja. Mama mmoja muuza dagaa aliniletea barua aliyokuwa ameiandika usiku, kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Ilikuwa na sentensi tatu tu: "Nimechoka na uongo wako. Wewe ni tapeli na kila mtu hapa mwaloni anakujua. Nipe hela zangu haraka, la sivyo nakupeleka polisi ukaozee ndani." Kila neno lilikuwa limetoka moyoni, na hakuna mtu mwenye utu ambaye angemlaumu kwa kuwa na hasira, maana fedha aliyokuwa akiidai ndiyo iliyokuwa mtaji wake wote. Lakini barua ile haikusema anadai kiasi gani, haikusema deni limetokana na nini, haikusema lilipwe lini wala kwa njia gani. Mdaiwa aliyetaka kulipa asubuhi yake asingejua alipe nini. Hakimu angeisoma na kuuliza swali la kwanza kabisa: deni lipi? Na neno "tapeli", pamoja na hiyo "kila mtu anakujua", lingempa mdaiwa nafasi ya kugeuza mazungumzo kutoka kwenye deni lake na kuyapeleka kwenye heshima yake iliyovunjwa.

Tuliiweka kando ile karatasi, tukaanza na vitu badala ya maneno. Nilimwomba alete kila alichonacho. Alikuwa na daftari lenye mstari wa siku ya mauzo, ukiwa na idadi ya magunia na sahihi fupi ya mnunuzi. Alikuwa na ujumbe wa simu unaoonyesha fedha iliyoingia mwezi uliofuata. Alikuwa na kijana wa kupakia ambaye alihesabu magunia yakipanda lori. Na kilichokuwa na thamani kuliko vyote, ambacho yeye mwenyewe hakukihesabu kuwa ni kitu, ni ujumbe wa WhatsApp ambamo mnunuzi aliandika: "Mama nivumilie, hiyo milioni tatu na laki moja na nusu yako namalizia mwisho wa mwezi." Alikuwa ameusoma ujumbe ule kama ahadi nyingine ya uongo, ilhali kwangu ulikuwa ni mdaiwa mwenyewe akitaja kiasi cha deni kwa kidole chake.

Watu wengi huamini kwamba bila mkataba wa maandishi hawana kesi. Si kweli. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, inatambua makubaliano ya mdomo baina ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, waliokubaliana kwa hiari, kwa malipo halali na kwa lengo halali, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inataka maandishi. Tatizo la makubaliano ya mdomo ni kuyathibitisha, na hapo ndipo vipande vidogo vinapounganishwa: daftari, shahidi, muamala wa simu, ujumbe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kupokelewa kama ushahidi, na mahakama itaangalia ulivyotunzwa na jinsi mtumaji anavyotambulika. Kwa hiyo usifute mazungumzo kwa hasira, usiiuze ile simu, na usitegemee picha ya skrini peke yake wakati simu yenyewe ungeweza kuitunza.

Baada ya vielelezo kupangwa kwa tarehe, barua iliandikika kwa muda mfupi. Nimeondoa majina, anwani na mwaka, lakini kiini chake kilikuwa hivi:

"YAH: MADAI YA SHILINGI 3,150,000, SALIO LA BEI YA DAGAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 3 Machi, katika mwalo wa Kirumba, ulinunua kwangu magunia 40 ya dagaa wakavu kwa bei ya shilingi 150,000 kwa gunia, jumla shilingi 6,000,000. Ulipokea mzigo wote siku hiyohiyo, na tulikubaliana kwa mdomo kwamba utamaliza malipo ifikapo tarehe 30 Aprili.

Hadi leo umelipa shilingi 2,850,000, yaani shilingi 2,000,000 taslimu tarehe 3 Machi na shilingi 850,000 kwa simu tarehe 18 Aprili. Salio ni shilingi 3,150,000. Katika ujumbe wako wa tarehe 6 Mei ulikiri salio hilo na kuomba muda hadi mwisho wa mwezi huo.

Ninakutaka ulipe shilingi 3,150,000 kabla ya saa kumi jioni ya tarehe 27 Juni, kwa namba ileile uliyotumia tarehe 18 Aprili, au taslimu mkononi mwangu mbele ya shahidi, na utapewa stakabadhi. Kama unapinga sehemu yoyote ya kiasi hiki, nijulishe kwa maandishi kabla ya tarehe hiyo, ukieleza ni sehemu gani na kwa sababu gani.

Tarehe hiyo ikipita bila malipo wala majibu, nitafungua shauri la madai katika Mahakama ya Mwanzo kudai salio hilo pamoja na gharama za shauri, bila kukutaarifu tena."

Ukiitazama kwa makini utaona kwamba haina neno hata moja la matusi, na bado ni kali kuliko ile ya kwanza. Aya ya hesabu inajumuisha hata fedha ambazo mdaiwa alikwisha kulipa, jambo ambalo wadai wengi huliacha kwa kudhani linawadhoofisha. Ukweli ni kinyume chake. Mdai anayetaja malipo aliyopokea anaaminika anapotaja yale ambayo hakupokea, na mdaiwa ananyimwa nafasi ya kusema mbele ya hakimu kwamba ameonewa kwa kudaiwa deni alilokwisha kupunguza. Ile sentensi ya kumwalika apinge kiasi nayo ina kazi mbili. Kama anao utetezi wa kweli, kwa mfano kwamba magunia mawili yalikuwa na mchanga, ni heri uujue leo kuliko kuusikia kwa mara ya kwanza siku ya kusikilizwa. Na kama hana, ukimya wake mbele ya mwaliko wa wazi utaulizwa.

Mama yule alitaka kuongeza riba. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya asilimia 10 kwa kila mwezi wa kuchelewa, na jumla ilikuwa imepanda sana. Nilimsihi aiondoe, kwa sababu siku ya kuuziana hakukuwa na neno lolote kuhusu riba, na mtu mmoja hawezi kuandika sharti jipya la mkataba peke yake baada ya mwenzake kukosea. Hasara ya kweli iliyotokana na kutolipwa ni jambo jingine: Sheria ya Mikataba inaruhusu fidia kwa hasara inayotokana moja kwa moja na uvunjaji wa mkataba, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingetokea, na hairuhusu hasara ya mbali. Kama unaweza kuonyesha kwa risiti kwamba ulilipia ghala kwa sababu mnunuzi hakuchukua mzigo wake kwa wakati, dai kodi ya ghala. Ukiandika shilingi 10,000,000 za "kuumia moyo" katika deni la shilingi 3,150,000, umemfundisha msomaji wako wa pili kutilia shaka hata ile 3,150,000. Riba baada ya hukumu ina utaratibu wake. Katika mahakama zinazofuata Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kiwango cha kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka juu ya kiasi kilichohukumiwa, na hilo ataliamua hakimu.

Sasa nije kwenye tarehe ya mwisho, ambayo naiona imepuuzwa mno. Mazoea ya mawakili wengi ni kutoa siku 7 au 14, na kwa deni la kawaida muda huo unatosha. Lakini "ndani ya siku 14" huzaa ubishi wa kuanzia lini, tarehe ya barua au ya kuipokea, na ubishi huo unaondoka ukitaja siku na saa. Kisha kuna jambo ambalo watu wa ziwani tunalijua kuliko mwanasheria wa mjini: fedha ya mvuvi wa dagaa inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikitawala mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Fundi wa mitumbwi wa upande wa Igombe alikuwa anamdai tajiri mmoja fedha ya kubadilisha mbao za mitumbwi miwili, na alikuwa ameweka siku ya mwisho katikati kabisa ya mbalamwezi, wakati ambapo tajiri yule asingekuwa na kitu hata angetaka kulipa. Tulisogeza tarehe kwa siku chache tu, ikaangukia baada ya giza, mauzo yakiwa yamefanyika. Hakupoteza chochote, na alipata kitu ambacho barua nyingi hazina, yaani siku ambayo mdaiwa ana fedha mkononi. Anayemdai mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba afikirie msimu wa mauzo kwa namna hiyohiyo. Kulenga siku hiyo hakumaanishi kumbembeleza mdaiwa. Shabaha ni kulipwa.

Vitisho nilivyoviona kwenye barua ni vya aina mbili, na ninavichukia vyote. Aina ya kwanza ni polisi. Deni lililotokana na mauziano halali ni shauri la madai, na mtu kushindwa kulipa peke yake si kosa la jinai. Kama kweli kulikuwa na udanganyifu tangu mwanzo, kwa mfano mtu alitumia jina lisilo lake au alionyesha muamala wa kughushi, hilo ni jinai, na mahali pake ni kituoni pamoja na ushahidi. Halitakiwi kugeuzwa bei ya kumlazimisha mtu alipe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kudai mali kwa maandishi yenye vitisho pasipo sababu ya msingi, na inasikitisha kumwona mdai mwenye haki yake akijisogeza karibu na kosa hilo kwa sababu ya sentensi moja aliyoiandika akiwa na uchungu. Aina ya pili ni aibu ya hadharani: "Usipolipa, picha yako itawekwa kwenye makundi yote ya wafanyabiashara." Watu wameshawekwa hivyo, pamoja na namba zao za kitambulisho na picha za watoto wao. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake kulikuwa na madai ya kashfa. Mdai aliyefanya hivyo huingia mahakamani akiwa na kesi yake na ya mwenzake pia. Tishio linalostahili kuwemo ni lile utakalolitekeleza kweli, kwa jina lake na mahali pake, kama lilivyoandikwa katika aya ya mwisho ya ile barua.

Kwa deni kama lile, Mahakama ya Mwanzo inatosha kabisa. Uwezo wake katika madai ya mkataba unafika shilingi 30,000,000, na shughuli zake tangu zamani huendeshwa kwa Kiswahili. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu kwa ujumla, jambo linalonifanya nishangae ninapoona mtu amelipa fedha ili barua yake kwa mvuvi wa Kayenze iandikwe kwa Kiingereza. Wanaofanya hivyo huamini kwamba Kiingereza kinaogopesha. Huenda kinaogopesha kwa siku moja, lakini mdaiwa asiyeielewa barua ana kisingizio kizuri cha kutoijibu.

Kuifikisha barua ni kazi yenyewe, na nimeona madai mazuri yakidhoofika hapa. Andaa nakala mbili zinazofanana. Moja inabaki kwa mdaiwa, nyingine inarudi ikiwa na jina lake, sahihi, tarehe na saa ya kupokea. Nenda na mtu mzima ambaye si mwanafamilia wako wa karibu, anayeweza kusimama baadaye na kusema aliyaona makabidhiano. Mdaiwa akikataa kusaini, usigombane mlangoni. Mwache nayo, kisha wewe na shahidi wako mwandike papo hapo kwenye nakala yenu mliyemkuta, saa, mahali na maneno aliyoyasema, na wote wawili msaini. Baadhi ya watu humwomba mwenyekiti wa mtaa awepo, na wengi wa wenyeviti hukubali, kwani ugomvi ukiisha kwa barua wao ndio wanaopumzika. Kama mdaiwa yuko mbali, tuma kwa rejista ya posta na utunze stakabadhi, halafu mtumie picha ya barua kwa namba anayoitumia siku zote. Njia mbili ni bora kuliko moja.

Sasa niseme jambo ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote, nalo ni kupunguza. Mara nyingi mdai yuko tayari moyoni mwake kupokea pungufu ili mambo yaishe: anadai 3,150,000, lakini angepewa 2,500,000 kesho angeshukuru. Kishawishi ni kuandika hivyo ndani ya barua ya madai. Usifanye hivyo. Barua ya madai itaje deni lote kama lilivyo. Ofa ya kusamehe sehemu iende katika barua nyingine au mazungumzo mengine, ikiwa na maneno "bila kuathiri haki" juu yake, na ikieleza kwamba inasimama hadi tarehe fulani tu. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, inalinda maneno ya suluhu yaliyotolewa kwa masharti kwamba hayatatumika kama ushahidi, na ulinzi huo ndio unaowaruhusu watu wazungumze kwa uhuru. Ila usiyabandike maneno hayo juu ya barua ya madai yenyewe, kama ninavyoona yakibandikwa kwa mazoea, maana barua hiyo ndiyo unayotaka hakimu aione.

Mdaiwa akija na kusema hana zote lakini anaweza kulipa kidogokidogo, mpokee. Mwandike pamoja karatasi moja inayotaja deni lote, kiasi cha kila awamu, tarehe zake, na kwamba awamu moja ikipita bila kulipwa salio lote litadaiwa mara moja. Asaini yeye, usaini wewe, wasaini mashahidi. Karatasi hiyo ina faida ambayo haionekani kwa haraka, na inahusu muda.

Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mdai miaka 6 kufungua shauri linalotokana na mkataba, miaka 3 kwa madhara ya kiraia yasiyotokana na mkataba, na miaka 12 kurejesha ardhi. Barua ya madai haisimamishi saa hiyo. Unaweza kuandika barua 20 na kupewa ahadi 20, na muda ukawa unaisha chini ya miguu yako, kwa sababu mazungumzo ya suluhu hayahesabiwi kuwa ni kufungua shauri. Kinachoweza kuuanzisha upya muda wa deni, kabla haujaisha, ni mdaiwa kukiri kwa maandishi yaliyosainiwa, au kulipa sehemu ya deni. Ndiyo maana ile karatasi ya awamu ina uzito kuliko ahadi ya simu hata kama fedha haijatoka siku hiyo.

Kuna madai ambayo miaka 6 haiyahusu kabisa, na hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi na anayetaka kupinga uhalali wa kuachishwa kwake anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Nimemwona kijana aliyeachishwa kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki akiwa ameandika barua nzuri yenye tarehe na hesabu za mishahara, akampa mwajiri siku 30 za kujibu, na alipokuja kwangu siku hizo zilikuwa zimekwisha pamoja na muda wake wa kufungua mgogoro. Alilazimika kuanza na maombi ya kuongezewa muda, ambayo hayakubaliwi bila sababu za kutosha. Katika migogoro ya kazi barua na iende, lakini fomu ya Tume isiingoje.

Anayeidai Serikali, ikiwemo halmashauri, naye ana njia yake. Mzabuni aliyepeleka unga na maharage shuleni na hajalipwa hawezi kuamka na kufungua kesi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inamtaka atoe notisi ya siku 90 inayoeleza madai yake na msingi wake, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Halmashauri ziliingizwa wazi katika utaratibu huo kwa mabadiliko ya mwaka 2020. Kwa mtu binafsi barua ya madai ni busara, lakini hapa ni sharti, na kesi iliyofunguliwa bila notisi hiyo huondolewa kwa pingamizi la awali kabla hata ya kuuliza kama deni ni la kweli. Migogoro ya ardhi nayo ina mlango wake, unaoanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, na sitaingia huko leo.

Je, ni lazima barua iandikwe na wakili? Hapana. Mdai anaweza kuiandika na kuisaini mwenyewe, na kwa deni dogo ninamshauri afanye hivyo kwanza. Deni likiwa kubwa, au mdaiwa akiwa kampuni, au mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi, gharama ya wakili wa kujitegemea ni halali kabisa na hujilipa. Ambao siwezi kuwanyamazia ni vishoka wanaozunguka karibu na majengo ya mahakama wakiuza barua zenye mihuri mikubwa na majina ya sheria zisizohusika. Barua hizo huandikwa kwa kiolezo kimoja, deni la kodi ya nyumba likitumia maneno yaleyale ya ajali ya bodaboda. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kutafuta mtoa msaada wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma hiyo ni bure kwa wasio na uwezo.

Tarehe uliyoitaja ikipita, usiandike barua ya pili yenye vitisho vikubwa zaidi. Kila barua ya nyongeza inamwambia mdaiwa kwamba tarehe zako hazina maana. Fungua shauri kama ulivyosema, ukiwa na barua, nakala iliyopokelewa, daftari, simu na shahidi wako. Milango ya suluhu haifungwi kwa kufungua shauri, na wadaiwa wengi huanza kuzungumza kwa dhati baada ya kupata hati ya wito. Ukishinda na bado hajalipa, utaomba kukaza hukumu, yaani mahakama isimamie utekelezaji wake, na hapo ndipo mali za mdaiwa zinapoanza kuhesabiwa.

Yule mnunuzi wa dagaa hakungoja kufika huko. Siku chache kabla ya tarehe 27 Juni alituma shilingi 1,500,000 na ujumbe wa kuomba salio alilipe kwa awamu mbili, na mama alikubali baada ya kumfanya asaini karatasi. Awamu ya pili ilipoingia, nilimshauri aandike barua moja zaidi, fupi kuliko zote, na aliiandika mwenyewe bila msaada wangu: kwamba amepokea shilingi 3,150,000 kwa ukamilifu, kwamba hana dai lingine lolote kuhusu mzigo wa tarehe 3 Machi, na kwamba anamshukuru. Mnunuzi aliisaini nakala kuwa ameipokea, na akauliza bei ya gunia wiki ile ilikuwa kiasi gani.